Kusi imeingia, feni imepumzika
Jana saa kumi alfajiri nimeshtuka natafuta shuka gizani. Mimi! Niliyelala sakafuni tangu Januari, mgongo kwenye vigae, feni namba tatu na bado foronya inalowa jasho. Kaskazi, ule upepo wa miezi ya joto, safari hii ilinionesha cha moto.

Asubuhi nikapita Feri, soko la samaki hapa Dar, kutafuta samaki changu. Bei imepanda, maana bahari imechafuka na ngalawa nyingi zimelala mchangani. Mzee mmoja anashona nyavu, nikamwamkia nikalalamikia baridi. "Marahaba. Hii siyo baridi mwanangu, kusi tu hii. Baridi iko Makete, kule Njombe." Hata kichwa hakuinua.

Kweli lakini. Mgandamizo wa hewa ukipata nguvu huko kusini, unatusukumia hewa ya ubaridi mpaka pwani, ndiyo upepo wa kusi huo. Februari mchana tunagonga nyuzi 32. Ikifika Julai, usiku tunashuka mpaka 19 hivi. Mtu wa Njombe, anayeamka akakuta umande umeganda, atatucheka.

Ila konda wa Mbagala leo kavaa koti na kofia ya sufu, na madirisha yote kafunga. Saa sita mchana, jamani.