Usiku nilipomsikia Merege jukwaani

Watu wa Arusha mliokuwa vijana miaka ya 2000 mwanzoni, mnalikumbuka kundi letu la hip hop, X Plastaz, jukwaani?

Nilikuwa kidato cha tatu. Mimi na binamu yangu tulitoka Sakina kwa miguu, maana nauli yote ilishaingia kwenye kiingilio. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Gsan na Faza Nelly wakachana, nasi tukawafuatisha mstari kwa mstari. Mara biti ikapungua, akatokea Merege, mwimbaji wao Mmaasai, na rubega yake nyekundu, akaanza kuimba kwa Kimaasai, ile sauti nzito ya kooni wanayoitoa morani wakiruka. Mbele yangu alisimama kaka mmoja wa Kimaasai, mlinzi wa usiku. Akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akaitikia huku machozi yanamtoka. Lugha yake, kwenye spika kubwa vile! Mwili ulinisisimka.

Albamu yao ya Maasai Hip Hop ilitoka 2004. Faza Nelly akatutoka 2006, na bado inaniuma.

Usiku ule vifodi, zile daladala ndogo, vilikuwa vimeshalala. Tukarudi kwa miguu kwenye baridi ya Julai, tunaitikia ule wimbo, mbwa wakitubwekea hadi Sakina.