Siku moja na miale ya gama, Mombasa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nipo kwenye feri ya Likoni, na kichwani swali nililolala nalo: mwale wa gama, mwanga usioonekana utokao kwenye kiini cha atomu, ukigonga nukta tatu ndani ya fuwele ya gerimani, ipi iligongwa kwanza?

Saa moja kasoro. Kabla ya chai, naitrojeni. Kigunduzi chetu cha gerimani hakifanyi kazi bila baridi, na naitrojeni ya majimaji iko nyuzi 196 chini ya sifuri. Navaa glavu, najaza taratibu, moshi mweupe unatambaa sakafuni.

Saa tatu. Tumeweka udongo wa kilima cha Mrima, Kwale, wenye thori nyingi, elementi yenye mionzi. Kwenye skrini mstari wa keV 2,615 (keV ni kipimo cha nguvu ya mwale) umesimama kama mlingoti wa jahazi. Chini yake kuna tuta refu: ni miale iliyogonga fuwele, ikaacha nguvu kidogo, ikatoroka. Tuta hilo linanikera. Zamani fuwele ilizungushiwa ngao ya kugundua miale iliyotoroka, kisha hesabu yake ikatupwa. AGATA, mtambo wa vigunduzi vya gerimani ulioko Legnaro, Italia, haikubali hasara hiyo. Kila fuwele yake imegawanywa vipande 36, na umbo la mpigo wa umeme huonyesha mwale uligonga wapi, kwa kosa la milimita chache. Programu ninayoandika inaanzia hapo.

Saa tano, na hapa ndipo kazi yenyewe. Mwale unagonga, unapinda, unagonga tena, upesi mno hata kigunduzi hakiwezi kusema pigo lipi lilitangulia. Nukta 3 zina mipangilio 6. Nukta 5 zina 120. Kila mmoja naupima kwa kanuni ya Compton ya 1923: nguvu iliyoachwa lazima ilingane na pembe ya mpindo.

"Mwalimu, si tuchukue tu yenye nguvu kubwa iwe ya kwanza?" anauliza mwanafunzi wangu.

"Mwale unaweza kuacha kidogo mlangoni, ukaenda kufia ndani."

Na ukikosea nukta ya kwanza, umekosea pembe. Kiini cha atomu kinachotoa mwale kikiwa kinakwenda kasi hubadilisha nguvu yake kulingana na pembe hiyo, basi mstari mwembamba kwenye skrini unavimba.

Saa nane stima ikapotea. Uigaji wa saa mbili ukaenda nayo; sikuwa nimehifadhi. Iliniuma.

Saa kumi, nikiisoma upya programu mstari kwa mstari, nikaliona kosa: pembe nilizipima kutoka katikati ya kigunduzi, si pale chanzo kilipokaa. Nikarekebisha. Miale iliyokuwa ikikataliwa ikaanza kupita.

Saa kumi na mbili mama akapiga simu. Nikamwambia nukta ya kwanza imepatikana.

"Alhamdulillahi. Njoo basi mwanangu, samaki wa kupaka anapoa."