Jinsi nilivyoachana na soda ya kila mchana

Wali wa mchana bila soda baridi ulikuwa haushuki. Kilichonizindua ni lebo: kopo la kola la mililita 330 lina sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri, ikiwezekana, sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 kwa siku.

Nilihamia maji ya ndimu na tangawizi, bila sukari. Hamu ya gesi ilipobaki, nikanunua maji yenye gesi. Juisi za dukani nazo niliziacha; wengi hukimbilia huko, kumbe sukari ni ileile.

Soda ya harusini sina ugomvi nayo. Ya kila siku ndiyo huchangia unene, kisukari na meno kuoza.