Mtungi Usiopakwa Rangi

Binti wa kaka amenitumia picha za mitungi. "Shangazi, upi utapendeza sebuleni?" Yote imepakwa rangi ya mafuta, mmoja wa dhahabu, mwingine mweusi wenye mistari myeupe. Ndiyo kwanza amehamia Nzuguni, mapazia bado, na joto la Oktoba la Dodoma mnalijua wenyewe. Sijamjibu. Nilipoitazama ile rangi nilikumbuka Jumamosi moja ya mnada wa Msalato, kabla Serikali haijahamia huku, Mama Mkubwa akiwa bado ana nguvu za kutembea.

Nilikuwa nimepanga chumba na sebule, na orodha yangu ilianza na makochi. Yeye alisema nyumba huanza na maji ya kunywa. Tukapita kwenye nyama, tukapita kwenye mitumba, tukafika kwa bibi mmoja aliyekaa nyuma ya vyungu vyake vilivyolazwa juu ya majani. "Mbukwa," wakasalimiana, kisha Mama Mkubwa, bila kuuliza bei, akainua mtungi na kuugonga tumboni kwa kifundo cha kidole. Ukalia, na mlio ukaendelea kidogo baada ya kidole kutoka. Akagonga wa pili, mlio ukafa papo hapo. Nje ulikuwa mzima kabisa, lakini ufa huwa ndani ya ukuta na sikio huuona kabla ya jicho. Kisha akalowesha kidole kwa mate na kukipitisha kwenye ule mzima. Unyevu ukanyonywa mara moja. Ungebaki juu, angejua mtungi umepakwa kitu na hautatoa jasho.

Jasho ndilo kazi yake. Maji hupenya kwenye vitundu vya udongo, yakifika nje hukauka, na kila gramu inayokauka huondoka na joto la jouli kama 2,400, sehemu kubwa ikitoka kwenye mtungi na maji yaliyobaki ndani. Hewa ikiwa kavu kazi hiyo huenda haraka, na Dodoma, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa yake ni kavu kuanzia Juni hadi mvua zirudi. Mtungi huohuo ukiupeleka Tanga au Unguja utapoza kidogo tu, kwa sababu hewa ya pwani imeshajaa maji. Hiki ni chombo cha huku kwetu hasa. Ukikipaka rangi ya mafuta umeziba vitundu vyote, umebaki na pambo.

Yule bibi aliona ninavyotazama. "Mwanangu, nachoma kesho kutwa. Njoo mapema, upepo haujaamka."

Nikaenda. Kijiji kiko upande wa Chamwino, nyumba za tembe zilikuwa zimebaki chache. Nilikuta vyungu vimezungushwa kwenye moto mdogo, midomo ikiuelekea, na wajukuu wakivigeuza taratibu. Vilikuwa vimekwisha kukauka ndani ya nyumba, kivulini, zaidi ya wiki. Ukianika chungu juani mdomo hukauka kabla ya kitako, na ukuta hupasuka pale unyevu unapokutana na ukavu. Lakini hata chungu kilichokauka kwa macho huwa na maji ndani ya ukuta. Moto mkubwa ukiyakuta huyageuza mvuke, na mvuke usipopata njia hukipasua chungu.

Bibi alipita akiinua kimoja kimoja na kukilaza shavuni, upande wa kitako, akafumba macho. Nilidhani anaomba. "Shikilia na wewe," akaniambia, akaniwekea mtungi shavuni. Ulikuwa na uvuguvugu kote, ila pale chini, sehemu ya kiganja, palikuwa na ubaridi. Kitako ndicho kinene zaidi, ndicho humaliza mwisho, na unyevu unaokauka ndio unaopapoza. Akaurudisha motoni. Akanipa mwingine, nikasema bado. Akaulaza kwenye shavu lake, akatikisa kichwa, akauweka upande wa vilivyo tayari. Tuliendelea hivyo, mimi nikikisia na yeye akihakikisha, mpaka shavu langu likajaa vumbi jekundu na nikaanza kupatia. Sijawahi kufundishwa jambo kwa maneno machache namna ile.

Kuchoma kwenyewe kulikwenda haraka. Kinyesi kikavu cha ng'ombe chini, vyungu vimefunikwa midomo chini, mikubwa katikati, vigae kwenye mianya, kisha kinyesi tena na mabua ya uwele. Akawasha upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi nyuma polepole badala ya kuruka. Moto wa wazi wa namna hii hufika kati ya nyuzi 600 na 900, na udongo ukishavuka 600 hivi hauwezi tena kulainika ukauloweka. Kimoja kililia "paa!" ndani ya moto. Hakugeuka. "Huyo kitako chake kilitudanganya."

Vyungu vya kupikia alivitoa kwa mti mrefu vikiwa vyekundu bado, akavinyunyizia maji ya magome yaliyochemshwa. Vikachachatika na kuwa na mabaka ya kahawia. Utomvu wa magome huziba vitundu, mchuzi usivuje. Vinahimili mshtuko huo kwa sababu ukuta wake ni mwembamba na umechanganywa na vigae vingi vilivyosagwa. Mitungi hakuigusa. Aliiacha chini ya majivu ipoe yenyewe, kwa kuwa mchanga ulio ndani ya udongo hujikunja ghafla ukishuka chini ya nyuzi 573, na mtungi mkubwa ukipoa kwa pupa hupasuka hapo.

Alinionyesha pia kokoto yake nyeusi, ya mama yake, laini kabisa. Aliisugulia shingo ya mtungi udongo ukiwa umeshika lakini kucha bado inaacha alama, mpaka ikang'aa. Tumbo aliliacha na ukwaru, lipumue. Miaka mingi baadaye nilipoona picha za kazi za mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na anayefanyia kazi zake Uingereza, niliujua ule mng'ao. Vyungu vyake hupanda kwa mikono bila gurudumu, havina glezi, ule mpako unaong'aa kama kioo, vinasuguliwa tu na kuchomwa: moto ukipata hewa vinatoka rangi ya chungwa, ukibanwa moshi vinakuwa vyeusi. Naye miaka ya 1970 alikwenda Nigeria kujifunza kwa wafinyanzi wanawake, akiwemo Ladi Kwali, yule aliye kwenye noti ya naira 20.

Mtungi wangu niliujaza maji, nikayamwaga kesho yake, nikajaza tena. Sabuni haiguswi, huingia kwenye vitundu na kubaki. Brashi ya katani na maji ya moto vinatosha. Uwekwe kivulini penye upepo, juu ya mchanga, ukiwa na kifuniko cha mbao. Maji yetu yana chumvi, kwa hiyo baada ya muda unga mweupe hutokea nje. Usipousugua, mtungi huacha kupoza.

Bibi hakuwahi kuandika jina kwenye kitako. Alama yake ilikuwa safu mbili za nukta chini ya shingo, na majirani walizijua. Sasa mitungi ya huku inauzwa kwenye maduka mazuri ya mapambo mjini, na kibandiko kinasema bei na "kazi ya mikono", mikono ya nani hakisemi. Mimi huuliza jina. Wauzaji wengine hununa, na sababu wanayo: mfinyanzi akishajulikana wateja humfuata kijijini, na aliyebeba vyungu hadi mjini bila kuvivunja hukosa riziki. Bado naona jina liandikwe. Namna ya kuliandika bila kumnyima yule wa katikati haki yake, hilo sijaliona duka lolote likilimaliza.