Januari yenye bamvua tatu

"Mama, mbona bahari imekimbia?"

Binti yangu aliniuliza hivyo juzi. Tulikuwa tumesimama pwani Tumbe, Pemba, maji yamekupwa mpaka mashua zimelala ubavu. Nikamwambia ni bamvua. "Bamvua ndiyo nini?" Nikaanza kumweleza habari za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, siku ambazo maji hujaa na kukupwa kupita kawaida, na katikati ya maneno nikanyamaza. Nilimkumbuka Bi Mkubwa na mkono wake ukutani.

Ilikuwa 2019, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchagua programu ya kuchambua takwimu za mwani, ili mavuno ya vikundi vyote, toka Makangale mpaka Kiuyu, yaonekane pahala pamoja. Wiki nzima nzima nilizimalizia kwenye bei za programu tatu. Tableau ilitaka dola 70 kwa mwezi kwa kila mtengenezaji wa ripoti, na mwaka huo huo kampuni ya Salesforce wakatangaza kuinunua. Metabase unaipata bure ukiiweka kwenye seva yako, lakini seva hatukuwa nayo wala mtu wa kuitunza. Power BI ya Microsoft, ile ya kutengenezea ripoti haina malipo. Unalipia leseni ya kushirikiana, dola 9.99 kwa mtu kwa mwezi wakati ule. Nilikuwa na jedwali zuri la kulinganisha yote hayo. Swali la maana halikuwemo.

Siku ya maonyesho Mkurugenzi wetu akataka awepo mkulima. Akaja Bi Mkubwa, mwenyekiti wa vikundi, ambaye amelima tangu mwani ulipoanza kuingia kwetu. Alikaa nyuma karibu na mlango. Vipande vya taitai, kamba nyembamba za kufungia mbegu za mwani, vilikuwa vimenasa kwenye ukingo wa buibui lake. Alitoka kufunga mbegu akaja moja kwa moja.

Kijana aliyetuonyesha programu alikuwa ameingiza takwimu zetu wenyewe za 2018. Projekta ikawaka, na ukutani ikatokea michirizi ya buluu, mmoja kwa kila mwezi. Januari umepanda juu, Februari umeanguka. Akasema kwa furaha, "Mnaona? Sasa mnajua mwezi gani wa kuongeza kamba." Watu wakatikisa vichwa. Mimi pia.

Bi Mkubwa akanyanyuka. Alikwenda mpaka ukutani, akaweka kiganja juu ya ule mchirizi wa Januari, na kivuli chake kikaifunika Februari yote. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kwa maji ya chumvi. Akauliza kwa upole, "Hapa mwanangu, umehesabu bamvua ngapi?"

Kijana akanitazama. Mimi nikatazama chini.

Bi Mkubwa akaanza kuhesabu kwa pingili za vidole, bila karatasi. Mwezi ulipevuka tarehe 2, ukaandama kati ya 16 na 17, ukapevuka tena 31. "Sisi huchuma maji yakikupwa sana. Januari ile tulichuma bamvua tatu. Ya tatu tuliianza mwisho wa mwezi. Februari haikupata mwezi mpevu hata mmoja. Wewe umetuwekea mavuno ya safari tatu kwenye fungu moja, ukasema tumefanikiwa. Sisi kila bamvua tulichuma pungufu ya iliyotangulia. Mwani ulikuwa unakufa."

Chumba kilinyamaza. Nakumbuka mlio wa feni ya projekta, na yeye bado hajaondoa mkono.

Nilipitia usiku ule nyaraka za programu zote tatu upya, nikitafuta kitu kimoja tu: ipi itanikubalia kalenda yangu. Kwenye Power BI unaweza kuleta jedwali lako la tarehe, ukaliongezea safu unazotaka. Tukaichagua hiyo, na sababu hiyo ndiyo niliyoiandika ya kwanza, juu ya bei. Jioni mbili nilikaa na Bi Mkubwa barazani kwake, yeye anataja, mimi naandika kwenye kompyuta: bamvua, maji mafu (siku yasipokupwa sana), bamvua. Tulipomaliza, chati ikashuka ngazi kwa ngazi, kama alivyosema. Kushuka kule alikuwa amekujua mwaka mzima kabla yetu, kwa maji ya moto miguuni na mwani mweupe uliokatika mkononi.

Mengine yalikwenda haraka. Mkataba, mafunzo, ripoti ya kila bamvua. Kazi ile naipenda mpaka leo na ninaamini tulichagua sawa.

Ila leseni za kufungulia ripoti zilinunuliwa tano, na orodha ya majina niliiandika mimi: Mkurugenzi, mhasibu, maofisa wawili na mimi. Ripoti ilipofunguliwa mara ya kwanza Bi Mkubwa alikuwa baharini, na hakuna aliyeniuliza kwa nini jina lake halimo. Wala mimi sikujiuliza.

"Mama, bamvua ndiyo nini?" mtoto akanivuta mkono tena. Nikamwambia tungoje, kuna mtu wa kumuuliza, atatoka na maji yakianza kujaa.