Tredi ya Luka niliyofafanuliwa na mtu wa boda

Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, saa mbili na dakika kumi na kitu asubuhi, nipo kijiwe cha boda Kirumba, Mwanza, naelekea soko la Mwaloni kumchukulia bimkubwa dagaa, nafungua simu nakutana na habari eti Luka Dončić, nyota wa kikapu wa Dallas kule NBA, katrediwa Lakers, yaani timu yake imembadilisha na mchezaji mwingine. Nikajua tu akaunti ya mwandishi aliyeitoa hiyo habari imedukuliwa. Mtu miezi michache nyuma kaifikisha Dallas fainali, ana miaka 25, nani anauza mtu kama huyo?

Dogo wa boda akaniangalia usoni, "Vipi broo, msiba?"

Nikamwambia hapana, ni kikapu. Njiani namweleza ikabidi nipige kelele maana upepo, kumbe jamaa hajui hata timu moja ya NBA ila swali lake la kwanza likawa, "Mkataba wake umebaki muda gani?" Aisee. Mimi na washkaji zangu tunabishana miaka na miaka nani mkali zaidi, hakuna anayeanzia hapo.

Yeye anaanzia hapo kwa sababu anaendesha pikipiki ya mkataba, kila siku anapeleka hesabu elfu kumi kwa tajiri na kadi haipati mpaka amalize. Akanambia pikipiki ileile, ikibaki miezi minne ukitaka nikuachie utoe hela ya maana, ila ikibaki mwaka na zaidi halafu injini imeshaanza kutoa moshi, hapo wewe ndo uniongeze hela niichukue.

Ndo NBA yenyewe hiyo. Dallas waliona moshi, au walisema wameuona, mwili wa Luka na majeraha, na mbele kulikuwa na mkataba ambao angeweza kudai wa kama dola milioni 345 kwa miaka mitano. Kuogopa sio kosa. Kosa ni kwamba ukikwepa mzigo mrefu kwa mtu wa miaka 25 halafu unamchukua Anthony Davis anayegonga 32 mwezi unaofuata, na mkataba wake unaenda mpaka 2028, umekwepa nini sasa? Juu yake wakapewa Max Christie na piki moja ya raundi ya kwanza ya 2029 (siyo pikipiki, nazungumzia haki ya kuchagua dogo mpya kwenye drafti). Piki moja! Utah walipomtoa Rudy Gobert 2022 walipewa nne. Hawakulizungusha soko, walikaa na mteja mmoja tu kimyakimya. Pale Mwaloni mama anayeuza gunia zima kwa mnunuzi wa kwanza kabla wenzake hawajashuka kwenye magari watu wanamcheka mpaka jioni.

Upande wa pili wa hesabu ni Stephen Curry. 2012 enka zinamsumbua, akasaini miaka minne kwa dola milioni 44, akaja kuwa MVP (mchezaji bora wa msimu) mara mbili ndani ya bei hiyohiyo, na ule unafuu ukasaidia sana timu yake, Golden State, kupata nafasi chini ya kikomo cha mishahara cha NBA ya kumleta Kevin Durant 2016. Kwangu mimi hakuna mkataba uliowahi kuzidi ule, na nabishana na yeyote.

Halafu wa kwetu, Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, namba mbili drafti ya 2009, mbele ya Harden na mbele ya Curry huyohuyo. Februari 2011 Memphis wakampeleka Houston wakamchukua Shane Battier ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha msimu uleule, na ili Houston wakubali ikabidi waongeze na piki ya raundi ya kwanza. Mwenye mkataba mfupi ndo alikuwa na bei. Iliniuma kama Mtanzania lakini miezi miwili mbele Battier yuleyule anaisaidia Memphis kuwatoa Spurs waliokuwa namba moja kanda ya Magharibi, sasa utasemaje.

Yule dogo wa boda tukikutana lazima aulize wale wa Dallas wameishia wapi. Novemba nikamwambia meneja aliyemuuza Luka kafukuzwa kazi. Akazima pikipiki kabisa.

"Meneja? Kwa hiyo pikipiki yenyewe haikuwa yake?"