Iningi tatu za Vin

Leo tarehe 2 Agosti. Tarehe hii ndiyo aliyofariki Vin Scully, mwaka 2022, akiwa na miaka 94, na kila ikifika napata kaubaridi fulani moyoni ambako siwezi kumweleza mtu wa nyumbani akanielewa. Mwaka ule mama alinipigia akasikia sauti yangu haipo sawa, akauliza kuna nini, nikamwambia kuna mtu kafariki. Nani wako? Mtangazaji wa mpira. Mpira gani? Besiboli. Akanyamaza kidogo halafu akasema haya, pole mwanangu, kwa ile sauti ya kumpa pole mtu ambaye unaona kabisa akili imeshaanza kucheza.

Ngoja nieleze basi.

Nilipofika Los Angeles nilibeba boksi kama wengine wote, ila boksi langu mimi lilikuwa mzee. Kazi ya kutunza wazee majumbani, unamwogesha, unampa dawa, unampikia, unamshika mkono kwenda chooni, naingia saa nane mchana natoka saa nne usiku. Huyu Mzee wangu alikuwa dereva wa basi mstaafu, mke alishatangulia, macho yamebaki ukungu mtupu, mkali kama pilipili kichaa. Mwaka 2015 hiyo. Siku ya kwanza hakuniuliza natoka wapi wala jina langu linaandikwaje, aliniuliza swali moja tu, unawajua Dodgers? Nikasema siwajui. Akasema basi vuta kiti.

Ilikuwa saa moja na dakika kumi usiku. Mezani jikoni kulikuwa na karedio kadogo keusi, antena imefungwa selotepu, Mzee akakawasha bila kupapasa, mkono unajua kilipo kitufe. Ikatoka sauti ya mzee mwenzake, laini, haina haraka yoyote, ikasema hamjambo nyote, na jioni njema sana kwenu popote mlipo. Mimi nikaitikia. Kweli tena, nimelelewa kuitikia salamu, nikasema na wewe pia, Mzee akacheka mpaka akapaliwa na nikalazimika kumpiga piga mgongo, ndio ukawa utambulisho wetu.

Mchezo wenyewe sikuelewa kitu. Jamaa anarusha, jamaa anakosa, wote wanatema mate, wanaanza upya. Nikasikia homu rani nikajua kuna mtu ana homa, kumbe ni mpira uliopigwa mpaka nje ya uwanja. Kilichonisaidia ni jina la timu, Dodgers maana yake wakwepaji, zamani timu ilikuwa Brooklyn kule New York na watu wa kule walipewa jina hilo kwa sababu ya kukwepa tramu barabarani. Nikaikumbuka rede, tulivyokuwa tunacheza Ngamiani, Tanga, unakwepa mpira wa soksi huku unajaza mchanga kwenye chupa na dada zako wanakulenga kichwa. Nikasema kumbe hawa ni watu wangu.

Sasa mechi ina iningi tisa, yaani vipindi tisa ambavyo kila timu inapata zamu yake ya kupiga, sisi tulikuwa tunapata tatu. Enzi hizo matangazo ya TV ya Dodgers yalikuwa kwenye kebo moja ambayo kampuni nyingine zilikataa kuilipia, wakavutana miaka na miaka, na nyumba nyingi tu za mji huu zikabaki hazioni timu yao. Mzee alikuwa mmojawapo, na hela ya kuhama kampuni hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo nadhani kiburi kisingemruhusu. Kwa umri wake Vin alikuwa anatangaza kwenye TV, ila iningi tatu za mwanzo zilirushwa na redioni pia, baada ya hapo wanaingia watangazaji wengine. Basi iningi ya tatu ikiisha tu, Mzee anazima. Sio anapunguza sauti, anazima, tap. Halafu anasema sasa leta chakula. Wale waliofuata walikuwa watangazaji wazuri tu jamani, nilishawahi kumtetea mmoja wao, akaniambia kijana, mimi sisikilizi besiboli, namsikiliza Vin.

Mwanzoni nikaona ni ukaidi wa uzee. Nikaja kuelewa polepole, wiki hadi wiki. Watangazaji wengi wanakaa wawili watatu kwenye kile chumba chao wanaongea wao kwa wao, wewe nyumbani ni kama unachungulia dirishani kwa watu. Vin alikuwa anakaa peke yake. Kwa hiyo aliyekuwa anaongea naye ni wewe. Katikati ya mrusho na mrusho anakupa kisa cha huyu mpigaji, baba yake alikuwa nani, kijiji gani, na mpira ukipigwa anakatisha, anautangaza, kisha anarudi palepale alipoishia kama bibi anayehadithia huku anakorogea uji. Na hakuwahi kusema "sisi". Analipwa na Dodgers miaka 67, tangu 1950 mpaka 2016, na hasemi sisi tumefunga, mpinzani akicheza vizuri anamsifia vilevile. Hebu niambieni nani kwetu anaweza kutangaza Simba na Yanga hivyo na akafika nyumbani salama.

Mzee alikuwa na hadithi yake anayoirudia. Timu ilihamia Los Angeles 1958, na kabla ya kujengewa uwanja wao uliofunguliwa 1962 walicheza Coliseum, dude kubwa lililojengwa kwa riadha na mambo mengine, besiboli pale ilikuwa kulazimisha tu, ukikaa nyuma wachezaji ni sisimizi. Watu wakawa wanakuja na redio za transista kutoka nyumbani, wanatazama kwa macho lakini wanaona kwa masikio, maana mpaka Vin aseme ndio unaamini. Redio zikawa nyingi mpaka sauti yake ikawa inasikika uwanja mzima bila spika. Mwaka 1960 Vin akagundua refa mmoja, Frank Secory, ni siku yake ya kuzaliwa, akawaambia watu kwenye redio, nikihesabu moja mbili tatu semeni wote happy birthday Frank. Akahesabu. Uwanja mzima ukapiga kelele, refa wa watu kashtuka hajui kumetokea nini. Mzee aliapa alikuwepo. Nimeshasikia wazee wengine wawili wa mji huu wakiapa hivyohivyo, na sina sababu ya kuwabishia.

Ila kilichonishika mimi ni kimya chake.

Kwetu baba alikuwa na redio ya Philips, Jumamosi mpira RTD, majirani wamejaa barazani. Mtangazaji wetu haachi nafasi, anamwaga maneno kama mahindi kwenye gunia, na akinyamaza sekunde mbili tu baba anaipiga redio kofi akijua betri zimeisha. Mimi nimekua najua kimya redioni ni ubovu. Sasa siku moja Mzee kaniambia tafuta kwenye simu 1988, Gibson. Nikaipata YouTube. Fainali, mechi ya kwanza dhidi ya Oakland, Dodgers wako nyuma 4 kwa 3, iningi ya mwisho, imebaki pumzi moja, na anaingia Kirk Gibson ambaye miguu yote miwili mibovu, kila akiupiga mpira ukatoka pembeni anachechemea kama kuku aliyefungwa kamba. Kisha akaupiga kweli, ukaenda mpaka kwa watu. Vin akasema umekwenda, basi. Akanyamaza. Nikaona Gibson anazunguka vituo anachechemea, uwanja umepasuka, mtangazaji hasemi kitu, nikaigonga simu nikidhani imegoma. Mzee akanishika mkono. Subiri. Zaidi ya dakika nzima. Halafu ndio akarudi na sentensi moja, kwamba katika mwaka uliojaa yasiyotarajiwa, lisilowezekana limetokea.

Chanzo chake Vin mwenyewe alikieleza mara nyingi. Alizaliwa Bronx 1927, na nyumbani kulikuwa na redio kubwa ya miguu, yeye akiwa mtoto anaingia chini yake na mto wa kulalia, biskuti za chumvi na glasi ya maziwa, analala pale spika iko juu ya kichwa, hata mechi haimhusu, anachotaka ni ule mngurumo wa watu ukimmwagikia. Yaani mtu amekuwa mkubwa, kapewa maiki, na bado anamwachia mtoto wa chini ya redio asikie.

Ya mpigaji Hank Aaron nikaitafuta mwenyewe. Aprili 1974, Atlanta, Aaron anavunja rekodi ya Babe Ruth, homu rani ya 715, na miezi yote kabla ya hapo kaletewa barua za kutishiwa kuuawa kwa sababu ni mweusi. Vin alinyamaza akawaacha watu washangilie, na aliporudi akasema ni jambo la ajabu, mtu mweusi anashangiliwa na watu waliosimama huku Kusini kabisa mwa nchi, kwa kuvunja rekodi ya shujaa wa besiboli wa siku zote. Hakulizungusha. Niliisikiliza kwenye basi narudi usiku, saa tano, mimi na dereva na mtu mmoja kalala, nikairudisha mara tatu.

2016 ukawa mwaka wake wa mwisho na mji mzima ukajua. Barabara ya kuingia uwanjani ikapewa jina lake, na wapigaji wakawa kila wakiingia wanageuka kwanza kuangalia juu kwenye chumba chake, wanagusa kofia, ndio wanasimama kucheza, hadi wa timu pinzani. Mechi zake za mwisho zikawekwa kwenye chaneli ya bure. Sijui nani alilainika, ila nilimwambia Mzee leo tuna iningi zote tisa, akaniuliza mara mbili. Tarehe 25 Septemba, mechi ya mwisho nyumbani, alikaa mbele ya TV asiyoiona kavaa kofia ya bluu, na ikaenda mpaka iningi ya kumi, Charlie Culberson, ambaye kwa kweli sio mtu wa kupiga mbali, akaupiga nje wakatwaa ubingwa wa kundi lao hapohapo. Chakula kilipoa. Sikuthubutu kukisema.

Wiki iliyofuata, tarehe 2 Oktoba, ndio kabisa, San Francisco kwa Giants. Miaka 80 kamili tangu siku ile akiwa mtoto wa miaka 8 anatoka shule, akaona kwenye dirisha la dobi mmoja Mchina matokeo ya mechi ya pili ya fainali, Yankees 18 Giants 4, akawaonea Giants huruma akaanza kuwapenda. Akaaga akisema moyoni anajua siku zote yeye ndiye aliyetuhitaji zaidi ya sisi tulivyomhitaji. Mzee akaijibu TV kwa sauti, muongo wewe.

Mzee alifariki 2018. Karedio watoto wake walinipa mimi.

Vin alipofariki, usiku huohuo Dodgers walikuwa San Francisco wanacheza, na Giants, mahasimu wa damu, wakamweka kwenye skrini kubwa uwanja ukampigia makofi. Jangwani wanamlilia mtu wa Msimbazi, fikiria. Kesho yake nilipita pale kwenye kibao cha Vin Scully Avenue, maua, mishumaa, kofia za bluu, watu wazima wamesimama hawaongei na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuongea. Mama mmoja akaniuliza kwa Kihispania kitu sikukielewa, nikatikisa kichwa, akanipa mshumaa.

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya barabara kuu ya 110, timu inacheza, redio ya gari imewaka, mtangazaji mzuri tu, kijana, anachangamka. Iningi ya tatu ikaisha. Nikajikuta nimeshazima.